Kitufe cha "Nunua" mara nyingi hakikupi mali

Ndugu Mhariri,

Wakaaji wa Goma wanaolipia nyimbo, filamu na vitabu kwa simu wajue kwamba mara nyingi wanauziwa ruhusa ya kutumia tu, na ruhusa inaweza kuondolewa. Mwaka 2009 duka la mtandaoni Amazon lilifuta vitabu viwili vya mwandishi George Orwell ndani ya Kindle, vifaa vyake vya kusomea vitabu, za watu waliokwisha kuvilipia. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu, na vilivyonunuliwa humo vikaacha kufunguka. Pesa zilirudishwa, ila wasomaji hawakuulizwa.

Kwetu kuna hatari nyingine. Intaneti ilipokatwa nchini kuanzia 31 Desemba 2018, ilikaa karibu siku 20 bila kurudi. Wimbo uliopakuliwa ndani ya Spotify, programu ya kusikiliza muziki, hudai simu iingie mtandaoni walau mara moja kila siku 30, la sivyo haupigi tena. Faili ya wimbo ya MP3 iliyo kwenye kadi ya kumbukumbu haihitaji idhini ya mtu.

Filamu ya kutazama mara moja, ikodi, hakuna ubaya. Lakini picha za familia, video ya arusi, vitabu vya masomo na karatasi za kiwanja, shika faili yenyewe: JPEG, MP4, PDF. Mpiga video akikutumia kiungo tu, mdai faili kabla hujamalizia malipo.

Kuihifadhi faili hiyo ndipo wengi hukwama. Flashi yenye FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga faili, hukataa faili inayozidi GB 4, hata kama nafasi ipo. Hamisha kwanza vilivyomo, kisha ifomati, yaani ifute na kuipanga upya, kwa mfumo wa exFAT usio na kikomo hicho. Jihadharini pia na kadi bandia: imeandikwa GB 512 kumbe ndani ni 32. Hupokea kila kitu bila kulalamika, baadaye faili hazifunguki. Kadi mpya ijaze yote, ichomoe, irudishe, ufungue faili za mwanzo, za katikati na za mwisho.

Na diski moja nyumbani haitoshi. Lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji mwaka 2002, na Mei 2021 maelfu waliamriwa kuhama. Nakala ya pili ikae kwa ndugu, Bukavu kwa mfano. Ya tatu iwe mtandaoni, na hapa kutumia nafasi ya mwingine kunafaa kweli: GB 15 za bure za Google zinatosha karatasi muhimu na picha teule. Ila akaunti isiyotumiwa kwa miaka 2 inaweza kufutwa, basi ingieni kila baada ya miezi michache, na neno la siri liandikwe mahali mtu mwingine wa nyumbani anapopajua.

Fundi wa simu na kompyuta,
Birere, Goma