"Borrow" na "lend": nani anatoa, nani anapokea

Mpendwa Mwanaidi,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Barua ya kikundi nimeisoma mwanzo hadi mwisho, na imetulia. Ila nakuomba usiipeleke kwanza, kwa sababu ya sentensi moja: "We borrowed money to our members." Mfadhili akifika hapo hatajua kama ninyi ndio mliowakopesha wanachama au wao ndio waliowakopesha ninyi. Kwa kikundi cha kuweka na kukopa, hilo ndilo jambo lenyewe analotaka kulijua.

Tatizo linatokana na kuazima kwetu, ambako kunakwenda pande zote mbili. Ukisema "nimeazima jembe kwa Juma", umepokea. Ukisema "nimemwazima Juma jembe", umetoa. Kitenzi ni kilekile, na kinachobadilisha mambo ni ile "mw" iliyoingia katikati. Kiingereza hakina kiungo cha namna hiyo, kwa hiyo kimegawa kazi kwa maneno mawili: anayepokea ni wa "borrow", anayetoa ni wa "lend".

Ukikwama, weka azima kando ujaribu kopa na kopesha. Panapokaa kopa, andika "borrow". Panapokaa kopesha, andika "lend". Kipimo hiki kinafaa hata kwa vitu visivyo pesa. "Nikopeshe mwavuli" haisemwi, najua, lakini itakuonyesha upande sahihi mara moja: "Lend me an umbrella." Sisi tunatofautisha kitu kinachorudi chenyewe, kama mwavuli, na kile kinachotumika kikarudishwa kingine, kama sukari. Kiingereza hakijali hilo. Vyote viwili unaweza "borrow".

Kosa linalosikika kila siku ni "Borrow me your pen." Linatoka moja kwa moja kwenye "niazime kalamu". Baada ya "lend" unaweza kumtaja mtu kisha kitu: "Lend me your pen", au kitu kisha mtu: "Lend your pen to me." "Borrow" haimpokei mtu hapo, inataka kitu tu, na mwenye kitu anakuja baadaye na "from": "I borrowed a pen from Juma." Tena "Can you borrow me a pen?" inaweza kueleweka kwamba unamtuma mtu akakuazimie kalamu kwa mwingine! Ukitaka kuomba kwa adabu una njia mbili, na maana ni moja: "May I borrow your pen?" mtendaji akiwa wewe, au "Could you lend me your pen?" mtendaji akiwa yeye.

Hiyo "from" ishike sana. Kwa kuwa sisi tunasema "nimekopa kwa fulani", mkono unakimbilia "to". "To" ni ya "lend".

Wakati uliopita, "borrow" inakuwa "borrowed", lakini "lend" inakuwa "lent". "Lended" si sahihi. Ukiliandika kwa herufi kubwa, "Lent" ni Kwaresima, basi angalia simu isikubadilishie. Na kitu kisichohama usikitumie "borrow": ukiomba kuingia chooni kwa mtu, sema "use".

Mkopo wenyewe, kama jina, ni "loan". Wamarekani hulitumia pia kama kitenzi, "loan me", lakini kwenye barua rasmi bakia na "lend".

Mkifikia kusaini mkataba, mtakuta "the Lender" na "the Borrower" zimerudiwa kila kifungu. Wa kwanza ni mkopeshaji, wa pili mkopaji, yaani mwenye deni. Kabla ya mwenyekiti na mhazini kuweka sahihi, tafuteni kwanza jina la kikundi limewekwa upande gani, kisha ndipo msome riba na tarehe za marejesho.

Sentensi yako iandike hivi: "Last year we lent money to our members." Na ile ya aya ya tatu, kuhusu pesa mlizochukua benki: "We borrowed the rest from the bank." Aya ya mwisho iko sawa, usiiguse. Ukimaliza nitumie tena niipitie kabla ya Ijumaa.

Wako,
Rehema