Tuache nafasi ya miti tunapojenga Bukavu

Mheshimiwa Mhariri,

Mvua inyeshapo hapa Kadutu, maji mekundu huteremka kwenye ngazi za mtaa wetu yakibeba udongo kuelekea Ziwa Kivu, kwa sababu kila ujenzi mpya huanza kwa kukata miti na kuishia kwa saruji, ukuta hadi ukuta. Huko Milan, maghorofa mawili ya Bosco Verticale, yaliyokamilika mwaka 2014, yamebeba miti ipatayo 800 kwenye roshani zake. Sisi hatuhitaji gharama hizo. Naomba wakuu wa mji, kabla ya kutoa kibali, wamdai kila mjenzi aache kipande cha kiwanja bila saruji na kukipanda miti. Mti wa avoka wa jirani yangu, ambao mizizi yake imeshika ukingo mzima, ndio unaolinda nyumba yetu hadi leo.

Mkazi wa Kadutu, Bukavu