Barua kwa mwanangu: kodi, mbegu na dumu la mafuta

Mwanangu mpendwa,

Hapa Kibaigwa sote wazima. Kinu chetu cha mafuta kinakamua, umeme unakatika kama kawaida yake, na baba yako kausoma ujumbe wako mara mbili akacheka peke yake. Mimi sikucheka. Umeandika kwamba kodi ni wizi tu, na ukimaliza chuo utapigania serikali iliachie soko kila kitu. Nusu ya hayo nakuunga mkono. Nusu iliyobaki ndiyo iliyonikalisha chini niandike.

Babu yako akisikia mgambo wa kodi ya kichwa wameingia kijijini, alikuwa analala porini. Simlaumu. Kodi ile ilimdai mtu kwa kuwa hai tu, awe amevuna au mvua imemnyima. Ilifutwa mwaka 2003 na sijamsikia aliyeililia. Ila mimi kinachoninyima usingizi si kulipa, ni kutojua nitalipa nini. Mwaka huu mkadiriaji ananiambia hivi, mwaka ujao mwingine kwenye meza ileile ananiambia vile, na kinu ni kilekile. Huyo mchumi Adam Smith unayemtaja kila ujumbe aliandika mwaka 1776 kwamba kodi isiyo na uhakika, hata kidogo tu, ni balaa kubwa kuliko kodi isiyo na usawa. Mwaka 2017 ushuru wa mazao uliposhushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, na mzigo usiozidi tani moja ukaachwa uvuke halmashauri bila ushuru, mwenye gunia mbili za alizeti kwenye bodaboda hakuwa tena na sababu ya kupita njia za panya usiku.

Sasa twende kwenye ule mpango wa karanga wa hapa wilayani kwetu Kongwa, maana shuleni mlipita juu juu. Waingereza walitoka vitani hawana mafuta ya kula. Mwaka 1946 mtu wa kampuni, Frank Samuel, akatoa wazo la kulima karanga Tanganyika kwa matrekta. Angalia hapo: wazo ni la mtu wa biashara, lakini hela ikatoka kwa walipa kodi wa Uingereza. Mwaka 1947 pori la hapa likaanza kung'olewa, mpaka vifaru vya kijeshi vikageuzwa kuwa matrekta. Udongo wa Kongwa unaujua ukikauka: jembe linadunda. Karanga zikakwama chini. Wakajaribu alizeti, ukame ukaiunguza. Mwaka 1951 London ikafuta hasara ya pauni milioni 36.

Mzee yeyote wa Kigogo angewaeleza kwa nini watu wa huku wanalima mtama na uwele na kuweka akiba kwenye ng'ombe. Wakubwa wa London hawakuwa na haja ya kumuuliza, kwa sababu mvua ikikosekana hakuna hata mmoja wao aliyekuwa analala njaa wala kuuza shamba. Kwa hiyo mtu akinijia na habari ya serikali kuendesha viwanda, swali langu ni moja: kikifa, hasara ya nani? Lakini serikali ya kusimamia mizani naitaka, tena karibu. Bila mizani lumbesa inarudi sokoni, na mkulima anauza gunia na nusu kwa bei ya gunia moja. Hilo soko halijajirekebisha lenyewe, nimelitazama miaka mingi.

Hili hapa hukuliuliza. Mwaka 2018 ushuru wa mafuta ghafi ya kula kutoka nje ulipandishwa hadi asilimia 25, na wa yaliyosafishwa hadi 35. Wenye vinu tulishangilia, maana mafuta ya nje yakipanda bei, yetu nayo hupanda. Nani alilipa? Yule mama wa chapati pale stendi, anayenunua mafuta ya kupima, robo lita asubuhi na robo lita jioni. Sehemu ya kila robo lita ilikuja kwangu, na kwangu ikawa ada yako. Ukitaka kuita kodi wizi, anzia hapo nyumbani.

Kuhusu miliki bunifu umechanganya mambo. Unasema mbunifu alindwe milele kama mwenye shamba. Wapenda soko huria wenyewe hawajakubaliana. Mchumi Fritz Machlup aliwaandikia maseneta wa Marekani mwaka 1958 kwamba kama hataza, yaani haki ya pekee anayopewa mvumbuzi, zisingekuwapo, isingekuwa busara kuzianzisha. Na kwa kuwa zipo, si busara kuzifuta. Mimi natenganisha alama ya biashara na mbegu. Mwaka juzi mfanyabiashara mmoja alijaza mawese kwenye madumu yenye lebo yangu. Baridi ya Julai ikashuka, mafuta yakaganda, wateja wakanijia mlangoni na madumu yamekuwa meupe ndani kama samli. Alama yangu imesajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, miaka 7 ya mwanzo kisha 10 kila ukihuisha, na ada yake nailipa bila kununa. Pale aliyeibiwa kwanza ni mnunuzi.

Mbegu ni habari nyingine. Alizeti ya aina ya Record mkulima anachambua, anahifadhi, anapanda tena msimu ujao. Ya chotara ukiirudia mavuno yanashuka, kwa hiyo kampuni inalindwa na mmea wenyewe, polisi wa nini? Lakini sheria ya 2012 inampa mgunduzi wa aina mpya ya mmea miaka 20, na 25 kwa miti na mizabibu. Jirani akikata kijiti cha mzabibu wangu akachomeka kwake, mimi nimebaki na mzabibu wangu. Akibeba dumu langu, sina dumu. Mgunduzi apewe muda wa kurudisha gharama zake, sawa, ila robo karne kwa kijiti mimi naiona ndefu.

Jambo la mwisho. Wenzangu wa vinu wanaiandikia wizara kuomba ushuru wa mafuta ya nje uongezwe tena, na karatasi imefika mezani kwangu. Baba yako anasema nisaini, ada yako ya muhula ujao haijatimia. Nimewaomba wanisubiri hadi Jumatatu. Kama una hoja ya kunizuia, iandike kabla ya hapo, na uandike pia ada itatoka wapi.

Mama yako