Barua ya wazi kwa mnaohamia vijijini na katika miji midogo

Wanangu,

Nawaandikia ninyi mliokwisha kuamua, au mnaokaribia kuamua, kuiacha miji mikubwa na kwenda kuishi mahali padogo. Wengi wenu mkiulizwa sababu husema kwamba mnatafuta ujirani: mahali ambapo watu wanajuana kwa majina, wanasalimiana njiani na wanafaana wakati wa shida. Hamu hiyo naiheshimu, wala sina nia ya kuizima. Lakini nimeishi sehemu kubwa ya umri wangu mahali pa namna hiyo, nimewaona wageni waliofika wakawa wenyeji na wageni waliofika kwa furaha kubwa wakaondoka na kinyongo, nami naona ni wajibu wangu kuwaeleza ujirani huo unatokana na nini, kwa sababu asiyejua unakotoka huutafuta mahali usipokuwepo, akaukosa, kisha akawalaumu watu.

Kwanza ondoeni wazo kwamba watu wa vijijini wana mioyo mizuri kuliko watu wa mjini. Mwaka 1887 mwanasosholojia Mjerumani Ferdinand Tönnies alitofautisha namna mbili za kuishi pamoja, moja inayoshikiliwa na undugu, ujirani na mazoea, na nyingine inayoshikiliwa na mikataba na masilahi. Na tangu wakati huo wengi wamependa kuiweka ya kwanza kijijini na ya pili mjini, kana kwamba udongo ndio unaozaa utu. Sikubaliani nao. Wachoyo wapo kijijini kama walivyopo mjini, na wakarimu vilevile. Kinachopatofautisha mahali padogo ni jinsi maisha yalivyopangika, hata mchoyo akajikuta anamhitaji jirani yake, jirani naye akajikuta anamhitaji yeye, na wote wawili wakijua kwamba kesho watakutana tena.

Katika mji mkubwa, anayemfundisha mwanao, anayekuuzia mahitaji ya nyumbani, anayeketi kando yako katika ibada na anayepakana nawe ni watu wanne wasiojuana. Mahali padogo watu hao wanne huenda wakawa wawili, au hata mmoja. Mwanaanthropolojia Max Gluckman, aliyechunguza mabaraza ya Walozi katika nchi ambayo leo ni Zambia na kuchapisha matokeo yake mwaka 1955, alionyesha kwamba pale watu walipofungamana kwa mahusiano mengi ya namna hii, waamuzi hawakuridhika na kutamka nani ana haki na nani amekosa. Walijitahidi kuwapatanisha, kwa kuwa wenye shauri walikuwa ndugu na majirani ambao baada ya hukumu wangeendelea kuishi pamoja. Hapo pana jambo zito kuliko salamu za njiani. Mahali padogo ugomvi wa mpaka haubaki kuwa ugomvi wa mpaka. Utaingia shuleni, utaingia katika ibada, utakaa katikati yenu siku ya mazishi. Kwa hiyo watu hujifunza kuchukuliana kabla hawajapendana, na wengine hawapendani kamwe, lakini wanazikana. Msiudharau ustahimilivu wa namna hiyo. Mimi nauhesabu kuwa ndio msingi wenyewe, na upendo ukija huja baadaye.

Udogo nao una kazi yake, ingawa si kubwa kama inavyodhaniwa. Katika miaka ya 1990 mwanasayansi Mwingereza Robin Dunbar, baada ya kulinganisha ubongo wa nyani na sokwe wa aina mbalimbali na ukubwa wa makundi yao, alikisia kwamba binadamu anaweza kudumisha uhusiano wa kweli na watu wapatao 150. Wataalamu wengine wameipinga idadi hiyo, nami siitetei. Ninachokijua ni kwamba penye watu wachache, asiyeonekana huulizwa. Mzee asipofungua mlango wake asubuhi, mtu atakwenda kubisha hodi, na hilo hakuna ofisi inayoweza kulifanya kwa niaba ya majirani.

Sasa niseme juu ya mali, maana wanaosifu maisha ya kijijini mara nyingi huiruka. Katika miaka ya 1940 mwanaanthropolojia Walter Goldschmidt alilinganisha miji midogo miwili ya kilimo katika jimbo la California, nchini Marekani. Mji wa Dinuba ulizungukwa na mashamba ya familia yenye ukubwa wa kadiri; mji wa Arvin ulizungukwa na mashamba makubwa yaliyotegemea vibarua. Thamani ya mazao ya pande hizo mbili ilikaribiana, lakini Dinuba ulikuwa na shule nyingi zaidi, viwanja vya umma, biashara na vyama vya wananchi, na watu wake walijiamulia mambo yao, ilhali Arvin wakati huo haukuwa hata na serikali yake ya mji. Watu wa Arvin hawakuwa na roho mbaya. Wengi wao hawakuwa na kitu pale cha kukilinda, wala hakika ya kuwapo mwaka unaofuata, na mtu asiyejua kama atakuwapo mwakani hawezi kulaumiwa kwa kutokaa katika kamati ya shule.

Mfano huo unawahusu ninyi moja kwa moja, kwa sababu wengi wenu mnakwenda na fedha zinazozidi za wenyeji. Nawasihi, msinunue ardhi kubwa kuliko mnayoweza kuitunza kwa mikono yenu na ya wale mtakaowalipa kwa haki. Nyumba mnayoifungua wakati wa likizo tu na kuifunga mwaka uliobaki ni kaya moja iliyoondolewa mahali pale: hakuna mtoto atakayetoka humo kwenda shule, wala mtu mzima wa kwenda kwenye mkutano. Nyumba za namna hiyo zikiwa nyingi, bei hupanda, vijana wa pale wanakosa mahali pa kuanzia maisha, na ujirani mlioufuata unakufa kwa sababu ya kuufuata kwenu. Hili nalisema kwa uchungu, maana nimeliona.

Jambo jingine linalowafunga watu ni kile wanachokimiliki kwa pamoja, pamoja na kazi ya kukisimamia. Kijiji cha Törbel katika milima ya Uswisi kilikuwa na chama cha kusimamia malisho na misitu ya wote tangu mwaka 1483, na kanuni yake ya mwaka 1517 ilikataza mwanakijiji yeyote kupeleka kwenye malisho ya mlimani ng'ombe wengi kuliko anaoweza kuwalisha mwenyewe majira ya baridi. Tazameni hekima ya kanuni hiyo: haikumwomba mtu awe mwema, ilimpa kipimo ambacho kila jirani angeweza kukihakiki kwa kuchungulia zizini. Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupewa Tuzo ya Nobel ya uchumi, mwaka 2009, aliutumia mfano wa Törbel pamoja na mingine mingi kuonyesha kwamba watu wanaotegemea rasilimali moja wanaweza kuitunza kwa karne nyingi bila kuiuza na bila kuikabidhi kwa serikali, mradi kanuni zinaeleweka, wahusika wenyewe wanashiriki kuzitunga, na mvunjaji anaonekana na kuadhibiwa kwa kiasi.

Kwa hiyo mkifika, ulizeni ni kitu gani pale ni cha wote. Kinaweza kuwa chanzo cha maji, njia, daraja, ukumbi, kiwanja cha michezo au makaburi. Kisha nendeni kwenye mkutano wake, hata kama unachosha, na hakika utachosha. Kaeni nyuma. Sikilizeni kwa muda mrefu kabla ya kutoa pendekezo. Wageni wengi wenye elimu hukosea hapa: wanafika na mipango mizuri, wanaieleza kwa ufasaha, wanapigiwa makofi, na baada ya hapo hakuna anayewaita tena. Ombeni kwanza kazi isiyogombewa, kama vile kuandika mahudhurio, kufyeka, kuziba mashimo ya njia au kufagia ukumbi baada ya watu kuondoka. Nawaambia hasa ninyi wanaume, kwa sababu kazi nyingi zinazouweka ujirani hai, kuwatembelea wagonjwa, kuwaangalia watoto wa wenzao, kupanga shughuli za msiba, wameachiwa wanawake, nao huchoka.

Na jifunzeni kudaiwa. Hili ndilo gumu kuliko yote kwa watu wa mjini, na ndilo ninalolipa uzito mkubwa kuliko yote. Mwaka 1925 Marcel Mauss, mtaalamu Mfaransa, alieleza kwamba katika jamii nyingi za dunia zawadi huja na wajibu wa aina tatu: kutoa, kupokea na kurudisha, na anayekataa kupokea huwa ameukataa uhusiano wenyewe. Mtu wa mjini akisaidiwa kuvuta gari lililokwama, mkono wake huenda mfukoni papo hapo, naye hudhani ametenda haki. Ametenda haki, ni kweli, lakini pia amelifunga jambo. Jirani aliyelipwa mkamalizana hana sababu ya kurudi. Heri mpokee, mshukuru, mkae na deni hilo, kisha siku moja mlirudishe kwa njia nyingine, bila kulingana sawasawa, ili kila mara upande mmoja uwe bado unadai kidogo. Azimeni ngazi hata kama mnaweza kununua ngazi. Ombeni ushauri kuhusu mvua na udongo kwa mtu anayevijua, hata kama mnaweza kusoma. Anayeomba humheshimu anayeombwa, na mwenyeji ambaye hajaombwa kitu na mgeni hukaa akijiuliza kama huyo mgeni anamwona.

Zipo pia siku ambazo hakuna hiari. Waliosema fimbo ya mbali haiui nyoka walijua maisha ya mahali ambapo msaada rasmi uko safari ndefu. Hata katika nchi tajiri hali ni hiyo: Ujerumani ina wazimamoto wa kujitolea wapatao milioni moja, na katika vijiji na miji midogo yake ndio wanaobeba sehemu kubwa ya kazi ya kuzima moto. Mwalimu na seremala na mkulima huacha walichokuwa wakifanya na kukimbilia kwenye moto. Watu waliowahi kusimama pamoja mbele ya nyumba inayoungua hawawi tena wageni kwa wenzao, hata wakitofautiana katika siasa au dini. Kama pale mtakapohamia kuna kikosi cha namna hiyo, au kikundi cha kuwabeba wagonjwa, au chama cha kuzikana, jiandikisheni mapema mkiwa bado na afya.

Sitawaficha ubaya wa mahali padogo. Macho yale yale yanayogundua kwamba hujaonekana asubuhi ndiyo yanayojua nani alikutembelea usiku. Maneno husafiri haraka, na mtu mmoja mwenye ulimi mbaya anaweza kumharibia mwingine miaka. Asiyeolewa, mwenye imani ya wachache, aliyezaliwa kwingine, aliyekosa mara moja akiwa kijana, wote hao wanaweza kuwekwa pembeni na watu wanaojiita majirani wema. Nimewaona watu waliokimbilia mijini kwa sababu hiyo, na walikuwa na haki ya kukimbia. Msiige ukatili huo ili mkubaliwe. Mkiona mtu anatengwa, msalimieni hadharani, ketini naye hadharani, na kama gharama yake ni kuchelewa kwenu kupokelewa, ilipeni.

Wala msidhani kwamba ujirani ukishapatikana haupotei. Mji mdogo wa Roseto katika jimbo la Pennsylvania, nchini Marekani, ulioanzishwa na wahamiaji kutoka Italia, uliwashangaza madaktari katika miaka ya 1950 na 1960 kwa uchache wa vifo vya ugonjwa wa moyo ukilinganishwa na mji jirani wa Bangor. Walioufuatilia waliona sababu katika mshikamano wa familia na majirani. Na kadiri mshikamano huo ulivyolegea na kila kaya kuelekea mambo yake, tofauti hiyo ya vifo ilitoweka. Haikuchukua zaidi ya kizazi kimoja.

Hapo ndipo ninapowahofia ninyi. Waliowatangulia walitegemeana kwa sababu hawakuwa na njia nyingine. Ninyi mnafika na kipato kinachotoka mbali, kazi inayofanyika kwa intaneti, gari la kuwapeleka mjini mnapokosa kitu, na mizigo inayoletwa mlangoni. Mnaweza kuishi miaka mingi kijijini bila kumhitaji mtu hata mmoja. Kwa hiyo itawabidi mchague kwa makusudi kile ambacho wengine walilazimishwa. Mwandikisheni mtoto katika shule ya pale, hata kama ya mbali inasifiwa zaidi, kisha mkaifanyie kazi ili iwe bora kwa watoto wote. Shule ikifungwa, wazazi hupoteza mahali palipowakutanisha kila siku bila kualikana. Tibiwani katika zahanati ya pale inapowezekana. Nunueni pale kinachopatikana pale. Fundi wa pale akichelewa, mngojeni. Msipandishe ukuta kabla ya kwenda kuzungumza na anayepakana nanyi, na katika mazungumzo hayo mwacheni yeye awaonyeshe maji hupita wapi wakati wa mvua kubwa na njia ya watu hupita wapi, kwa kuwa huenda inapita katikati ya kiwanja chenu, na mtatakiwa kuamua mapema kama mtaiacha wazi. Iacheni wazi.

Wasalaam,
Mzee wenu