Safari ya Diani Jumamosi: tunakwenda kuwaona mbega

Habari zenu ndugu zangu. Jumamosi ndiyo siku yenyewe. Tukutane Likoni, upande wa ng'ambo baada ya kushuka feri, saa moja na nusu asubuhi. Matatu tumeshaikodi, aliyebakisha mchango wake amtumie mweka hazina kabla ya Alhamisi usiku.

Tunakokwenda ni Colobus Conservation, kituo kilichoanza mwaka 1997 kuwalinda mbega wa msitu wa pwani. Pale wanatibiwa mbega, kima, tumbili, hata komba, walionaswa na nyaya za stima au kugongwa na magari. Tukifika Diani angalieni juu ya barabara mtaona ngazi za kamba. Zile ndizo njia za kima na mbega kuvuka bila kukanyaga lami, nami kila nikimwona mmoja akipita na mtoto kifuani nafurahi mno.

Sasa naomba sana: msibebe ndizi wala mkate wa kuwapa. Mbega anaishi kwa majani hasa, tumbo lake lina vyumba kama la ng'ombe, na matunda matamu yanamdhuru. Watoto waelezwe mapema. Mwenye mafua pia abaki nyumbani safari hii, kwa kuwa magonjwa yetu huwapata na wao. Hatutamshika mnyama yeyote, kwani wanaopona wanarudishwa msituni na hawafai kutuzoea.

Viatu vya kufunika, maji, kofia. Mama Zuhura, umesema utakuja na wajukuu wangapi?