Daktari wetu kastaafu, mafaili tumebaki nayo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Kila jengo la hospitali likizinduliwa mnatuwekea picha ya utepe na mkasi, na si vibaya. Ila daktari wetu wa hapa Mbuyuni kafunga zahanati yake kwa ajili ya umri, na sijaona aliyeandika hata mstari. Mwenyewe hapendi kutajwa, basi jina lake naliacha.

Alianza serikalini, hospitali ya Mawenzi hapa Moshi. Enzi hizo hata angetaka kufungua ya kwake asingeweza, maana sheria ya 1977 ilipiga marufuku tiba binafsi ya biashara. Iliporuhusiwa tena 1991, akaja kupanga vyumba viwili nyuma ya duka ninaponunua bitana, akaweka benchi, mizani na kabati la chuma. Hakuwa bingwa wa chochote. Tena alikuwa mkali: ukichelewa kumleta mtoto mwenye homa, atakusema mbele za watu mpaka utamani ardhi ipasuke. Na bado tulikuwa tunarudi kwake.

Kabati lile ndilo lililonifanya niandike. Faili halikuwa la mtu mmoja, lilikuwa la nyumba nzima. Letu lina presha ya mama, kisukari cha baba mdogo, uzazi wangu wote (wa pili nilikimbizwa hospitali ya KCMC na barua yake mkononi), na pumu ya kitindamimba wangu. Nikienda na kikohozi, ataniuliza kwanza mama anaendeleaje huko Uru, na kama baba mdogo bado anajidanganya na pombe ya mbege. Halafu: "Kisukari kipo kwenu, leta kidole."

Desemba ndiyo ilikuwa na kazi. Watu wanapanda kutoka Dar, kila mmoja anamkuta mzazi kadhoofika, anampakia kwenye gari. Mwaka mmoja mama alivimba miguu hadi viatu havipiti. Kaka alikuwa ameshampeleka hospitali moja kubwa, wakampa dawa ya kukojoza. Daktari wala hakuanza na miguu. "Mama, mwaga huo mkoba." Vikamwagika mezani vidonge vya sehemu tatu tofauti. Akavaa miwani, akasoma yale maandishi madogo ya ubavuni, akasogeza maboksi mawili pamoja, majina mbalimbali kabisa. Yote amlodipini. Mama alikuwa anameza dozi mbili za dawa ileile ya presha, na dawa hiyo ikizidi huvimbisha miguu. Hiyo ya kukojoza ilipewa kazi ya kufukuza uvimbe ulioletwa na dawa nyingine! Akabakiza boksi moja, akaandika kwenye faili, akamwita baada ya wiki moja apimwe presha upya. Januari mama alivaa viatu vyake kwenda kanisani.

Alipofunga, kila nyumba alitukabidhi faili letu ndani ya bahasha ya kaki. La kwetu nililibeba juzi kwenda kliniki nyingine. Daktari kijana, mpole tu, akalisukuma pembeni: "Mama, hayo hayaingii kwenye mfumo, tunaanza upya." Simlaumu, foleni nyuma yangu ilikuwa imefika getini.

Sheria ya bima ya afya kwa wote ilipitishwa 2023, na mimi naiunga mkono. Chuo Kikuu cha Aga Khan pale Dar es Salaam kinafundisha mabingwa wa tiba ya familia, yaani kutibu nyumba nzima kama alivyofanya yeye, kwa hiyo hata kazi yenyewe inajulikana, si mambo ya kizamani. Naomba Mganga Mkuu wa Mkoa atujibu kupitia ukurasa huuhuu: sisi wa Moshi tutaweza lini kuandikishwa nyumba nzima kwa daktari mmoja? Na haya mafaili tuliyoachiwa tuyapeleke dirisha gani ili yaingizwe kwenye huo mfumo? La kwetu lipo, nitalileta siku yoyote isipokuwa Jumamosi, siku hiyo nina nguo za harusi za kukabidhi.

Fundi cherehani,
Mbuyuni, Moshi