Barua kwa binti yangu: kabla hujalipa ada ya MBA ya mtandaoni

Moshi, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, mama. Sisi huku hatujambo. Mama yako anakusalimu sana, goti limepata nafuu tangu baridi ipungue. Vile vipeperushi vitatu ulivyotuma kwenye simu nimevisoma vyote. Cha Uingereza nimekisoma mara mbili, maana ada wameificha chini kabisa kwa herufi za kumtesa mzee. Uliuliza kwa kifupi: "Baba, nifanye au nisifanye?" Fanya. Ila usilipe hata senti mpaka umalize barua hii. Nimeona niandike kwa sababu kwenye simu ungenikatiza.

Kwanza kazi usiache. Najua limekupitia kichwani, uende Dar ukae darasani miaka miwili kama vijana waliotoka shule jana. Wewe ni ofisa uendeshaji, malori yanapita mikononi mwako kila siku, na kinachofundishwa kwenye MBA, shahada hii ya uzamili ya biashara, ndicho kinachokuumiza kichwa ofisini. Chukua ile mashine ya gereji mliyokuwa mnabishania. Inauzwa milioni 12, nayo itawaokolea milioni 5 kila mwaka kwa miaka mitatu kabla haijachakaa. Mezani kila mtu anapiga hesabu ya vidole: milioni 15 toa 12, faida milioni 3, tununue. Sasa kumbuka fedha yenyewe mnakopa benki kwa riba ya asilimia 18. Milioni 5 ya mwakani, ukiigawa kwa 1.18 kwa sababu ya riba hiyo, kwa thamani ya leo ni milioni 4.24. Ya mwaka wa pili, ukigawa tena, ni 3.59. Ya mwaka wa tatu ni 3.04. Jumla milioni 10.87, nanyi mmetoa 12. Mashine imekula milioni moja na ushee wala hakuna aliyesikia ikitafuna.

Mimi hesabu hiyo nilifundishwa na mkaguzi mmoja kwenye ushirika, nikiwa mhasibu wa miaka mingi tayari, na siku hiyo hiyo nilirudi kwenye majalada yangu kuangalia mikopo ya zamani. Ndiyo faida ya kusoma huku ukiwa kazini. Aliyeacha kazi atafanya zoezi, atapata alama zake, atafunga daftari. Wewe Jumanne usiku utajifunza, Jumatano asubuhi utakuwa na jambo la kumwambia mkurugenzi. Kwa hiyo kusoma kwa mtandao, kwa mtu wa aina yako, wala usione umekosa chuo cha kweli ukachukua kilichobaki.

Baba yako mdogo ataguna. Keshaguna, kwa kweli. Anasema shahada ya kwenye simu ni kama harusi ya kwenye simu. Mwache. Mzee Mandela alimaliza shahada yake ya sheria kwa njia ya masafa kupitia UNISA, Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, mwaka 1989, akiwa bado kifungoni. The Open University ya Uingereza ilipata hati yake mwaka 1969 na imekuwa ikisomesha watu wazima majumbani kwao tangu 1971. Na Marekani, Chuo Kikuu cha Illinois kilianzisha MBA ya mtandaoni mwaka 2016 kwa ada ya takriban dola 22,000, na mwaka 2019 kikatangaza kuachana na MBA yake ya darasani ya muda wote ili nguvu ziende kwenye ile ya mtandaoni. Hao si watu wa kubahatisha.

Hata nyumbani kwetu jambo hili si geni, na hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri. Wewe ulikuwa mdogo, unakumbuka tu kwamba mama alikuwa "anasoma Huria". Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, wanafunzi wa kwanza wakaanza 1994, na mama yako alijiunga miaka ile ile ya mwanzo, mwalimu wa shule ya msingi mwenye watoto wanne na mgao wa umeme. Aliamka saa kumi usiku, akawasha taa ya chemli, akafungua vitini vyake mezani mpaka jogoo wa jirani awike. Akili alikuwa nayo. Masomo hayakumshinda hata siku moja. Kilichotaka kumshinda ni kuonekana yupo nyumbani.

Mtu akisoma bwenini, wageni hawamfuati huko. Akisomea nyumbani, shemeji akija anataka chai, mtoto akianguka anamlilia yeye, kikao cha msiba kikiitishwa anahesabiwa. Wenzake kadhaa walioanza naye waliachia njiani, na ukiwauliza wanakutajia ada, lakini mimi niliwaona: walimalizwa na wageni. Basi mimi nikajifunza kupika makande, na nikajifunza kusimama mlangoni nikasema "ametoka" huku nasikia kalamu ikikwaruza chumbani. Padri alinisamehe.

Kwa hiyo kabla hujazungumza na benki, zungumza na mkwe wangu. Usimwambie tu "nataka kusoma", atakubali haraka mno, ni mtu mwema. Mwonyeshe saa. Kwa utaratibu wa Uingereza shahada ya uzamili ni krediti 180, na krediti moja wanaihesabu ni saa 10 za kazi. Hizo ni saa 1,800, mama. Ukitaka kumaliza kwa miaka miwili ni saa 900 kwa mwaka. Hata ukisoma wiki 48 bila kupumzika, ni karibu saa 19 kila wiki juu ya kazi yako. Huwezi. Yaani unaweza miezi mitatu, kisha utaanza kumgombeza mtoto bila sababu. Kwa miaka mitatu, ukisoma wiki 40 kwa mwaka, ni saa 15 kwa wiki. Zipate hivi: alfajiri saa kumi na moja mpaka kumi na mbili na nusu, Jumatatu hadi Ijumaa, Jumamosi muda wa saa tano nzima mkwe akiwa na mtoto, na saa mbili na nusu za jioni moja kwa ajili ya darasa la moja kwa moja na kazi za kikundi. Jumapili ni ya Mungu na usingizi. Hilo jedwali libandikwe kwenye friji, na mama mkwe wako alione pia, tena umsomee kwa upole.

Ile jioni moja iangalie sana. Darasa la saa moja jioni Uingereza, kwako Mwanza ni saa nne usiku wakati wa baridi yao, saa tatu wakati wa kiangazi chao, kwa kuwa wenzetu husogeza saa mwezi Machi na Oktoba. Vipeperushi huandika "soma muda wowote unaotaka". Mihadhara iliyorekodiwa, sawa. Ila kazi ya kikundi yenye mmoja Lagos, mmoja Dubai na mmoja Leeds haina muda wowote unaotaka. Ina muda ambao watatu wamekubaliana na wewe unasinzia. Waulize kabla: ni sehemu gani ya alama inatokana na vikundi, na ni vipindi vingapi ambavyo lazima uwepo.

Sasa kile kipeperushi cha tatu, chenye jengo la vioo na punguzo la ada linaloisha Ijumaa. Kifute. Wanasema watakupa nusu ya shahada kwa "uzoefu wako wa maisha". Kwa uzoefu wa maisha mimi ningekuwa profesa. Mwaka 2015 gazeti la New York Times lilifichua kampuni ya Axact ya Karachi, iliyokuwa ikiuza vyeti vya vyuo ambavyo havipo. Tovuti nzuri kabisa, na maprofesa kwenye video walikuwa waigizaji. Watu waliotoa fedha zao walibaki na karatasi. Kwa shule za biashara, ithibati inayoheshimika duniani ni ya AACSB ya Marekani, AMBA ya London, na EQUIS inayotolewa kutoka Brussels. Usiangalie nembo kwenye kipeperushi, nembo hata mimi naweza kubandika. Fungua orodha za wenyewe utafute jina la shule. Halafu waandikie TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, uwaulize kama shahada hiyo, ya chuo hicho, kwa njia hiyo ya mtandao, wataitambua. Uliza kabla ya kulipa, upate jibu la maandishi. Siku ya kuomba kazi serikalini au kutaka kufundisha chuo, hilo ndilo litakalokuokoa.

Tunabaki na viwili, Uingereza na Huria. Moyo wangu uko Huria na nitakwambia kwa nini. Wanaosema MBA ni kujuana na watu wana haki kiasi. Kwenye kundi lako la Huria kutakuwa na mtu wa benki pale Mwanza, mtu wa mapato Shinyanga, mwenye kiwanda cha alizeti Singida. Hao ndio utakaofanya nao biashara miaka 20 ijayo, na wanajua barabara ya Isaka ilivyo wakati wa masika. Ada yake ni ya shilingi, na mshahara wako ni wa shilingi. Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa shilingi 2,300 na ushee. Katikati ya 2024 ilikuwa imevuka 2,600. Ada ya pauni au dola ya miaka mitatu hujui utailipa shilingi ngapi, na bado utaenda kuomba kazi kwa mwajiri yule yule. Ila kama kweli unalenga kampuni kubwa za usafirishaji za kimataifa, kama ulivyomdokeza mama yako na mimi hukuniambia, basi cha Uingereza kina maana yake, na sitakuzuia. Uamuzi huo ni wako na mumeo.

Chochote utakachochagua, uliza juu ya mitihani. Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini, na nchi nzima intaneti ikawa ya kuokoteza. Fikiria uko katikati ya mtihani wa fedha, kamera inakutazama, na mtandao unakufa. Je, wanakuruhusu kurudia bila kulipa? Imeandikwa wapi? Nunua laini za mitandao miwili, na betri ya akiba ya kuwasha laptopu na kirauta, usitegemee hotelini.

Mimi na mama yako tumekubaliana kuchangia ada ya muhula wa kwanza, fedha ya kahawa ikishaingia. Si mkopo, usianze. Na wiki za mitihani mlete mjukuu huku, basi la usiku tutalisubiri stendi asubuhi. Aje na viatu vya mvua, vile vya mwaka jana havimtoshi tena. Jibu la TCU likifika, nitumie nakala, si picha ya kioo cha simu iliyokaa upande. Nataka kulisoma mwenyewe, na mihuri yake.

Msalimie sana mkwe wangu.

Baba yako